Kata Moja, Midomo Saba

Sehemu ya sita

Waliokosa gazeti la Ijumaa iliyopita wasihangaike, nitawasimulia kwa pumzi moja. Jina langu ni Wambura, binti Kivuti. Mwaka wa 1951 nilifanya mtihani wa darasa la sita katika shule yetu ya kujitegemea kule Gikurwe, Embu ya chini, kwenye jua na mawele. Tulifanya wanane, tukapita wanane. Misheni ya ng'ambo ya mto ilipitisha watatu kati ya arobaini. Tulichinja kondoo, tukaimba siku mbili.

Kisha Hali ya Hatari ikaingia. Serikali ikafunga shule zetu ikisema zinafundisha uasi, na kupita mtihani kukawa ushahidi. Waliofeli wakageuka kuwa raia wema.

Mimi nikafa. Ndiyo, mmesoma vizuri. Mzee Runji, mkuu wa homgadi, wale walinzi wa serikali, katika kijiji chetu, aliwaambia wakubwa kwamba yule msichana wa nane kwenye orodha alichukuliwa na homa. Halafu akaniandikia pasi ya kufanya kazi jikoni katika kambi ya serikali, kwa jina la Rwamba, msichana asiyejua hata penseli huandikia upande gani.

Msidhani alinihurumia. Runji huyo, kabla hajapewa bunduki, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule ya Gikurwe. Yule kondoo alitoka boma lake. Basi yeye alininyamazia, nami nikamnyamazia, tukaheshimiana kama mbwa wawili walioiba nyama moja.

Niliwaacha pale Mwalimu Munyi alipotiwa pingu. Kesi ya kwamba aliwalisha watu kiapo cha uasi iliwashinda, hakupatikana shahidi hata mmoja. Ndipo wakapata kosa lingine: wizi wa karatasi za mtihani. Maana watoto wa shule ya nyasi, walisema, watawezaje kuwashinda watoto wa misheni bila kuiba?

Mwalimu Munyi ndiye aliyemfuata baba yangu shambani siku nne mfululizo akimwomba aniachilie nisome. Baba alipokataa, Mwalimu alishika jembe akalima naye bila kusema. Siku ya nne baba alisema, "Mchukue, kabla hujamaliza shamba langu lote nikose kazi."

Sasa endeleeni nami.

*

Jumanne hiyo Bwana Elimu, mzungu mkuu wa shule za wilaya, alikuja kutoka mjini na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na karatasi za mtihani. Alikuwa ameamua kwamba wale wote waliopita mwaka ule warudie, mbele ya macho yake, askari wakiwa mlangoni.

Waliletwa saba. Wa nane, kama mjuavyo, alikuwa marehemu, anaosha masufuria jikoni.

Kabla gari la Bwana Elimu halijafika, Runji aliwapanga mstari nje ya banda la baraza pale kambini. Nilikuwa nikiteka maji pale karibu.

"Sikieni," aliwaambia. "Serikali inatafuta vichwa. Atakayejua kitu leo, amejifunga kamba mwenyewe. Mutugi!"

Mutugi alikuwa mwanawe wa kwanza. Wakubwa walipomuuliza Runji mwanawe alifikaje shule ya uasi, alijibu kwamba alipelekwa na mama yake, baba akiwa safarini. Safari hiyo, kwa hesabu yangu, ilichukua miaka sita.

"Naam, baba."

"Saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na..."

"Ni ngapi?"

Mutugi akameza mate. "Sijui, baba."

"Mtoto mzuri."

Nilirudi jikoni na mtungi wangu. Mzee Idrisi, mpishi, alikuwa akimenya viazi. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Majengo pale mjini Embu, mtu wa maneno mengi na macho mengi zaidi.

"Mzee, hao vijana wameletewa nini?"

"Mtihani, wanasema. Wangu ni huu hapa. Viazi vya jana, mgeni wa leo, na wote wawili wagumu."

*

Nilipeleka chai ya Bwana Elimu bandani, nikapita polepole nyuma ya mabenchi. Msichana asiyejua kusoma anaruhusiwa kupita popote. Ndiyo faida yake.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya hesabu, maswali arobaini. Jamani, niliona mambo.

Mukami, aliyekuwa akichora ramani ya Afrika huku amefumba macho, alishika penseli kama mwiko. Mwenzake alijaza ukurasa kwa duara, kama kuku aliyekanyaga wino. Mutugi, bingwa wetu wa hesabu, alikuwa ameandika kwamba saba mara nane ni kumi na tano. Kisha, kwa mazoea, akapiga mstari safi chini ya jibu, kwa rula.

Mwalimu Munyi alitufundisha hivyo. Kila jibu lipigiwe mstari. Nikatazama huku na huku: majibu ya kijinga, mistari ya wasomi. Ujinga ni kazi ngumu kwa mtu aliyesoma. Jasho lilikuwa likiwatoka.

Nilicheka moyoni. Nilidhani wanaponea chupuchupu.

Saa nne karatasi zilikusanywa. Bwana Elimu alitoka barazani na mkalimani wake, kijana mmoja kutoka Kangeta kule Meru, jina lake Mwiti, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Walizungumza Kiingereza. Nilikuwa nikiokota vikombe miguuni pao. Mwaka mzima wa kuokota vikombe miguuni pa wazungu, nao ni shule.

"Hakuna aliyepata hata kumi," Bwana Elimu alisema. Hakuwa na furaha, nawaambia ukweli. Alikuwa kama mtu aliyeuziwa ng'ombe tasa. "Nilikuja nikidhani mwalimu yule amesingiziwa. Hawa hawakuwahi kujua chochote."

"Nilikuambia, bwana."

"Basi karatasi ziliibwa. Tutamaliza ile ya Kiingereza. Ikiwa kama hii, nasaini mchana huu, na mwalimu anakwenda jela miaka saba."

Niliokota upesi vikombe vilivyobaki.

Mmeona? Saba wale walijua kwamba anayefeli anaokoka. Hakuna aliyewaambia kwamba wanayemfelisha ni Mwalimu, si wao. Kila jibu la kijinga lilikuwa tofali moja kwenye jela ya Mwalimu, na Mutugi alikuwa akiyapigia mstari.

Lazima niwaambie. Lakini niwaambie kwa mdomo gani? Askari wawili mlangoni, Mwiti dirishani, na amri ya kwamba atakayezungumza na watahiniwa afungwe. Na mimi ni Rwamba, sijui kitu.

Wangepewa tu kitu cha kunywa, halafu waingie karatasi ya pili.

Kitu cha kunywa.

*

Pale Gikurwe tulikuwa na desturi. Asubuhi ya mtihani, akina mama walipika uji wa mawele, ule uliochacha kidogo, wakauleta kwa kibuyu kimoja. Tukasimama mstari. Kata moja ikapita mdomo hadi mdomo, kila mtu funda moja, hakuna kurudia. Mama aliyeshika kata alikuambia, "Mlilima pamoja," nawe ukajibu, "Tutavuna pamoja," ukaingia ndani.

Katika majaribio ya kila Ijumaa hatukupewa uji huo hata tulie. Ulikuwa wa mtihani wa kweli peke yake. Ukiionja kata, unajua leo hakuna mchezo.

Nilikimbilia jikoni.

"Mzee Idrisi, wale saba wapewe uji."

"Bwana kasema chai."

"Vikombe vilivyobaki ni vitatu. Na sukari iliyoko ni ya kesho."

Akainua kisu, akafikiri. "Huo uji wataka sukari?"

"Wa kwetu hautaki."

"Basi uji. Sukari ya Bwana ni roho ya Bwana."

Uji ulikuwepo, wangu mwenyewe wa chakula cha mchana. Niliujaza kibuyuni, nikaongeza maji ili utoshe, nikachukua kata, nikaelekea mlangoni.

"Binti."

Nikasimama.

"Mbona kata moja?"

"Ndiyo iliyoko, mzee."

"Kata nne zimening'inia hapa juu ya kipara changu."

Nikakikaza kibuyu kwapani. Alikitazama, kisha akarudi kwenye viazi vyake.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema. "Nenda. Mimi macho yangu yako kwenye viazi."

*

Bandani nilianza na Mukami. Wote saba walinijua, msifikiri hawakunijua. Kijiji hakisahau mtu, hunyamaza tu. Nikamwinamia, nikasema chinichini kwa Kiembu, "Mlilima pamoja."

Mukami alitazama kata. Akanitazama mimi. Nikaona kitu kikipanda usoni mwake kama maji yanayoanza kuchemka.

"Tutavuna pamoja," alinong'ona, akapiga funda moja, akaipitisha.

Wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuna aliyeuliza. Migongo ilianza kunyooka.

Mzee Runji alikuwa ameegemea mlango. Aliiona ile kata, akaitambua. Rangi ilimtoka. Alifungua mdomo, akaufunga. Angesema nini? Kwamba anaijua?

Mutugi alikuwa wa mwisho. Alimtazama baba yake kwanza, kisha mimi.

"Ni ya kweli?" aliuliza kwa pumzi tu.

"Kunywa."

Akanywa. Halafu, wasomaji wangu, akainua mkono, akamwambia Bwana Elimu kwa Kiswahili cha adabu: "Bwana, naomba ile karatasi yangu ya kwanza. Kuna mahali nimekosea kidogo."

"Kidogo?" Bwana Elimu alishangaa.

"Maswali thelathini na tisa, bwana."

Sijui ni kwa sababu gani alimpa. Labda ni kwa kutaka kucheka. Alimwekea saa mezani, dakika kumi na tano. Mutugi alimaliza kwa kumi na mbili, mistari yote chini ya majibu, kisha akakunja mikono akangoja Kiingereza. Wengine sita walikuwa tayari wameinua mikono yao, wote walikuwa wamekosea kidogo, nao wakarudishiwa karatasi zao.

Karatasi ya pili iliwataka waandike habari ya siku ya soko. Soko letu lilikuwa limefungwa kwa amri tangu Machi. Lakini waliandika! Kuku walilia ndani ya karatasi zile, vitunguu vikanukia. Penseli zilikwangua kama mvua kwenye bati. Bwana Elimu alipita nyuma ya benchi mara moja, akapita mara ya pili, mara ya tatu akasimama akasoma begani mwa Mukami mpaka akasahau kutembea.

Alisahihisha pale pale, mezani. Kadiri alivyosahihisha, masikio yake yalizidi kuwa mekundu. Mwisho aliweka kalamu chini, akacheka peke yake.

"Mwalimu huyo si mwizi," alimwambia Mwiti kwa Kiingereza. "Ni mwalimu. Nimetafuta mmoja wilaya nzima, kumbe mmemfunga pingu. Lete ile hati niandike aachiliwe."

Nikashusha pumzi niliyokuwa nayo tangu saa nne. Laiti ningeiweka akiba.

*

Mwiti hakuleta hati.

"Bwana," alisema, "kabla hujaandika. Nilikuwa dirishani. Unajua kilichowafumbua akili?"

"Nini?"

"Niliona kwa macho yangu. Chombo kimoja, midomo saba. Kila mmoja funda moja, na maneno ya siri, na jibu la siri. Mimi ni mtu wa Meru, kwetu najua uji ni uji, mtu anakunywa mpaka ashibe. Nani hunywa uji funda moja? Hicho ni kiapo, bwana. Wamekula kiapo mbele ya meza yako."

Saba wale walielewa kila neno. Dakika tano zilizopita Kiingereza kilikuwa kimewaokoa, sasa wangefurahi kukisahau.

Bwana Elimu aliacha kucheka. "Nani aliwanywesha?"

"Yule wa jikoni. Haelewi kitu, ametumwa."

"Muulize kibuyuni mna nini."

Mwiti akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ya baraza: "Wewe! Nani amekupa kiapo hiki uwaletee?"

Sasa nisikilizeni. Hilo si swali aliloambiwa aulize. Nikinyamaza, nimekubali. Nikijibu kwa Kiswahili, jibu langu litapita mdomoni mwake kama lilivyopita swali. Na adhabu ya anayelisha watu kiapo, mwaka ule, ilikuwa kitanzi.

Mtu mvumilivu huhesabu. Nilihesabu mpaka tatu.

Kisha nikamgeukia Bwana Elimu, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba kibuyuni mna uji wa mawele, umepikwa asubuhi ya leo, na kwamba katika shule yetu tulipewa funda moja kila mmoja siku ya mtihani. Sentensi kamili, kutoka kichwa hadi mkia. Mwalimu Munyi alikuwa akikata alama kwa jibu la neno moja.

Bwana Elimu aliinuka taratibu.

"Umesema shule yetu?"

"Ndiyo, bwana. Nimesema shule yetu."

Akachukua orodha ya mwaka wa 1951. Alishusha kidole, jina baada ya jina, mpaka chini.

"Saba wako hapa. Wa nane ndiye aliyeongoza wilaya nzima kwa Kiingereza. Wewe unaitwa nani?"

"Mimi ni Wambura Kivuti, bwana."

"Wambura Kivuti amekufa. Imeandikwa."

"Ndiyo, bwana."

Kutoka upande wa jikoni nilisikia kisu kikianguka. Viazi vilikuwa vimekosa mtazamaji.

Bwana Elimu akaketi. Alipozungumza tena alizungumza polepole, kama mtu anayetaka kusaidia lakini anaogopa wakubwa wake.

"Mimi nakuamini, Wambura. Lakini mkalimani ameshasema neno kiapo mbele ya askari, na neno hilo halirudi mdomoni. Ushahidi wa marehemu hautanitosha. Hawa saba nao hawawezi kujishuhudia. Nataka mtu mzima mmoja, mtu anayeaminiwa na serikali, aniambie kwamba uji huu ni desturi ya shule na hauna kitu kingine."

"Yuko, bwana," nilisema, na mara nikajuta.

"Shule ile ilikuwa na kamati," aliendelea. "Kamati ina mwenyekiti. Katika daftari lenu ukurasa wenye jina lake umechanwa. Nitajie. Akishuhudia, Mwalimu Munyi anakwenda nyumbani leo, nanyi nyote mnakwenda. Usiponitajia, hii si kesi ya elimu tena. Naikabidhi kwa Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, na unajua inakoishia."

Nikatazama mlangoni.

Mzee Runji alikuwa amesimama pale na bunduki yake ya serikali begani. Katika maisha yake hakujifunza Kiingereza hata neno moja. Ndiyo maana aliijenga shule. Aliona tu mzungu ameketi, anazungumza nami kwa upole. Akadhani lile neno la kiapo limekwisha na tunasifiwa. Akanitabasamia, tabasamu lile la mwizi mwenzangu.

Yeye ndiye aliyenifanya marehemu ili niishi. Nikimtaja, bunduki hiyo inatoka begani na pingu za Mwalimu zinahamia mikononi mwake, maana homgadi aliyewaficha wakubwa kwamba alijenga shule ya uasi hasamehewi. Nisipomtaja, Mwalimu, Mukami, wale wengine, na shingo yangu mwenyewe...

"Nangoja," alisema Bwana Elimu. "Ni swali moja tu. Mwenyekiti alikuwa nani?"

Nikafungua mdomo.

Ndipo nyuma yangu benchi likasogea.

Mutugi alikuwa amesimama, mkono juu, vidole vimenyooka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Na pale mlangoni baba yake aliacha kutabasamu, akamkazia macho, akimkumbusha kwamba leo hajui kitu.